Muuaji alihojiwa mara tisa, akaachwa mara tisa. Kesi hii imeniharibia riwaya, nishaurini

Kalamu Butu

Wakuu, salaam.

Mnaonifahamu mnajua nina ugonjwa wa riwaya za kipelelezi. Mwezi wa nne huu naandika ya kwangu. Jiji linaamka na maiti, wiki inayofuata maiti nyingine, na mpelelezi wangu, bwana wa makamo anayelala na viatu, anamwinda muuaji kwa akili kali kuliko za wote kituoni. Nilifika sura ya sita. Juzi nimezitupa zote sita.

Nilikuwa natafuta kujua tu polisi wanafanyaje kazi, nikaingia kwenye kesi ya Peter Sutcliffe wa Uingereza. Sijatoka mpaka leo. Naiweka hapa kwa vipande, halafu mniambie kama riwaya ya namna hii inaandikika.

Ni West Yorkshire, kaskazini mwa England, miji ya Leeds na Bradford. Asubuhi ya Oktoba 30, 1975, Wilma McCann, mama wa watoto wanne, anakutwa ameuawa uwanjani, hatua chache kutoka nyumbani kwake Chapeltown, Leeds. Amepigwa nyundo kichwani, kisha kisu. Januari 1976 anauawa Emily Jackson, kwa namna ileile. Kufikia mwisho wa 1980 wameshakufa wanawake 13, na wengine wasiopungua saba wameshambuliwa wakapona. Magazeti yakamwita Yorkshire Ripper, kumrithisha jina Jack the Ripper, yule muuaji wa London wa 1888 ambaye hajajulikana hadi leo.

Sasa sikilizeni kilichonikosesha usingizi. Mtu huyu hakuwa mzimu. Alikuwa dereva wa lori, ana mke, ana nyumba Bradford. Na polisi walimhoji mara tisa kuhusiana na mauaji haya kabla hajakamatwa. Tisa! Jina lake lilikuwa limelala kwenye makabati yao tangu 1977.

Ngoja nipumue, nakuja na noti ya pauni tano.

Shoka Bila Mpini

Nimewahi siti ya mbele, bisi ziko tayari. Ila mkuu hiyo mara tisa naiona kama chai. Hakuna polisi wa namna hiyo, labda huyo jamaa alikuwa na mtu wake ndani.

Kalamu Butu

Shoka, hakuwa na mtu ndani, na hakuwa na akili ya ajabu. Tulia uone.

Oktoba 1977 aliuawa Jean Jordan, Manchester, ng'ambo ya milima upande wa pili. Muuaji alikuwa amempa noti mpya kabisa ya pauni tano. Baada ya kuua akakumbuka: noti mpya ina namba, na namba ina historia. Siku nane baadaye akarudi kwenye mwili, bado haujagunduliwa, akaitafuta noti asiione. Polisi wakaikuta kwenye mfuko wa siri wa mkoba wa marehemu.

Benki Kuu ya Uingereza ikawaambia fungu lile la noti lilikwenda wapi. Wakaifuata hadi tawi la benki karibu na Bradford, na kutoka hapo hadi kwenye kampuni zilizochukua fedha za mishahara siku zile. Wakahoji wanaume wapatao 5,000. Mmoja wao ni dereva wa kampuni ya malori, Peter Sutcliffe. Alisema usiku ule alikuwa nyumbani, na nyumbani kwake wakamthibitishia. Wakaandika, wakaondoka.

Kwenye riwaya yangu ya zamani, hapo ndipo mpelelezi angeona jasho kwenye paji la uso. Kwenye kesi halisi kulikuwa na majina elfu tano na askari waliochoka.

Bint Ngerengere

Yaani walitoka kwenye nchi nzima wakafika mpaka mlangoni kwake, wakaambiwa alikuwa amelala, wakaaga. Mungu wangu.

Mzee wa Masjala

Wanangu, mimi nimefanya kazi masjala miaka 27, serikalini, ofisi siitaji. Hapo kwenye mara tisa nimemwelewa mleta uzi kabla hajamaliza sentensi.

Watu wanadhani jalada linapotea kwa kuibiwa. Linaibiwa, ndiyo, lakini mara nyingi lipo tu. Limewekwa chini ya jina lililokosewa herufi moja, au liko kwenye meza ya mtu aliye likizo, au mtu mmoja ana majalada matatu na hakuna aliyeandika kwenye la kwanza kwamba yapo mengine mawili. Kile kiandiko kidogo cha "angalia pia jalada namba fulani" ndicho roho ya masjala. Kikikosekana, una karatasi tu.

Nilishawahi kumtafuta mstaafu mmoja kwa miezi mitano, analia mafao yake, na majalada yake mawili yalikuwa kabati moja, rafu mbili tofauti, Saidi wa S-a-i-d-i na Saidi wa S-a-i-d. Nilimwomba radhi mwenyewe.

Mleta uzi, hebu tueleze kadi zao zilipangwaje.

Kalamu Butu

Mzee, nilikuwa nakuombea utokee.

Makao ya upelelezi yalikuwa kituo cha Millgarth, katikati ya Leeds. Kompyuta hakuna. Kila jina, kila gari, kila taarifa ya raia iliandikwa kwenye kadi kwa mkono. Majina yalizidi robo milioni. Karatasi zilikuwa nzito kiasi kwamba sakafu ya chumba ilibidi iongezewe nguvu isije ikaporomoka. Hiyo picha inanitosha kitabu kizima: muuaji anatafutwa barabarani, na kwenye jengo la polisi sakafu inapinda kwa uzito wa karatasi yenye jina lake.

Sutcliffe alikuwa na karatasi za noti. Alikuwa na nyingine za magari, kwa sababu polisi walikuwa wakinukuu namba za magari yanayozungukazunguka usiku kwenye mitaa ya wanawake wanaojiuza, na gari lake lilionekana Leeds, Bradford na Manchester. Kila walipokwenda kwake, askari walikwenda na karatasi moja mkononi, nyingine imebaki kabatini.

Julai 1979 walimtembelea askari kanzu wawili, mmoja Andrew Laptew. Walitumwa kwa sababu ya gari. Hawakujua kwamba ameshahojiwa kuhusu noti. Hata hivyo Laptew hakumpenda. Mwanya kwenye meno, ndevu, dereva wa lori, anafanana na mchoro uliotokana na maelezo ya Marilyn Moore, mmoja wa walionusurika. Akaandika ripoti kwamba mtu huyu aangaliwe upya.

Wakubwa wake waliuliza kitu kimoja. Lafudhi yake ni ya wapi? Akajibu ni ya Yorkshire. Basi, ripoti ikaenda kabatini.

Shoka Bila Mpini

Lafudhi imeingiaje tena? Mbona unaruka?

Kalamu Butu

Hapo ndipo panapouma zaidi. Mwezi mmoja kabla ya ziara ile, Juni 1979, George Oldfield, mkubwa wa polisi aliyeongoza msako, alipokea kaseti. Sauti ya mwanamume, taratibu kabisa, inamwita kwa jina lake la kwanza. Inasema yeye ndiye Jack, inamcheka kwamba hajasogea hata hatua tangu mauaji yaanze. Kabla yake zilishafika barua za mwandiko uleule.

Oldfield aliamini. Alikuwa na sababu: mate kwenye bahasha yalionyesha kundi la damu adimu, sawa na la mtu aliyemuua Joan Harrison mjini Preston mwaka 1975, na polisi walishaanza kukihesabu kifo hicho kama kazi ya Ripper. (Siyo yeye. Mwaka 2011 vinasaba vilionyesha muuaji wa Joan ni mtu mwingine kabisa, ameshakufa.) Kaseti ikachezwa redioni, kwenye televisheni, ikawekwa namba ya simu ya kupiga uisikilize. Nchi nzima ikawa inatafuta sauti.

Mlowezi wa Leeds, upo? Hii ni ya kwako.

Mlowezi wa Leeds

Nipo, nimetoka zamu sasa hivi. Naendesha basi mji huuhuu, mwaka wa 11. Chapeltown napita karibu kila siku. Ni mtaa wa watu wa Karibiani, wenye kanivali yao kila Agosti, na watu wazima wa hapa ukiwagusia miaka ile wananyamaza kwanza ndipo wajibu.

Kuhusu lafudhi: sauti ya kaseti ilikuwa ya Sunderland, pwani ya kaskazini-mashariki, kilomita kama 150 kutoka hapa. Kwa Mswahili nitaeleza hivi: ni kama mtu amekupigia simu kwa Kipemba, wewe ukaenda kukamata watu Mombasa. Siku ya kwanza nilipompakia abiria wa Sunderland nilidhani anaongea lugha nyingine.

Chuo Kikuu cha Leeds kulikuwa na mtaalamu wa lahaja, Stanley Ellis. Ujana wake ulipita vijijini akirekodi wazee namna wanavyotamka. Polisi wakampa kaseti. Akasikiliza, akaenda Sunderland kulinganisha, akashusha kidole: Castletown, kijiji pembeni ya mji. Hakuitaja wilaya, alitaja kijiji! Nadhani kwetu wapo wazee wa namna hiyo, wanaokusikia unasalimia tu wakajua umezaliwa Makunduchi.

Sasa Ellis na mwenzake Jack Windsor Lewis wakaona kitu. Mtu wa Castletown anayefanya kazi Yorkshire angesikika mara moja, majirani wangemtaja. Na walionusurika walikuwa wakisema mshambuliaji anaongea kama mtu wa hapahapa. Wakawaonya polisi kwamba msema kaseti huenda ni mzushi. Onyo likapokelewa vizuri, likakaliwa.

Bint Ngerengere

Na mwenye kaseti alikuwa nani?

Mlowezi wa Leeds

Mlevi mmoja tu wa Sunderland, John Humble. Vinasaba vya kwenye bahasha vilimkamatisha mwaka 2005, miaka 26 baadaye, na 2006 akafungwa miaka minane. Alikuwa akiishi karibu sana na pale Ellis aliposhusha kidole. Na Septemba 1979 alipiga simu polisi bila kutaja jina, akawaambia kaseti ni uongo. Hawakumsadiki.

Shoka Bila Mpini

Hapo hata mimi nimeweka bisi chini. Mwongo amesema kweli, wakamwambia anadanganya.

Kalamu Butu

Baada ya kaseti waliuawa wengine watatu: Barbara Leach, Marguerite Walls, Jacqueline Hill. Barbara na Jacqueline walikuwa wanafunzi wa chuo. Humble hakushika nyundo, lakini alitengeneza chujio. Mshukiwa yeyote asiye na lafudhi ya kaskazini-mashariki alipita katikati akaanguka upande wa pili, na Sutcliffe alianguka nao.

Shida yangu ya uandishi ndiyo hii, wakuu. Msomaji wa riwaya anataka mpelelezi na muuaji, akili kwa akili. Hapa muuaji hana akili ya kutisha. Nikimpa Sutcliffe ujanja asiokuwa nao nitakuwa nadanganya, nikimwacha alivyo, ni dereva wa lori anayebahatika.

Dada Tausi

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kalamu, umeandika posti tano, na wanawake kwako ni tarehe na mji. Wilma umempa watoto wanne na uwanja, ukapita. Hata Marilyn Moore umempitisha ndani ya nusu sentensi ili Laptew apendeze.

Kuna Tracy Browne. Agosti 1975, kabla ya Wilma, msichana wa miaka 14 anarudi nyumbani Silsden jioni. Mwanamume anaungana naye njiani, wanatembea wakiongea kama nusu saa. Halafu nyundo. Akapona. Alimwona usoni, alimsikia sauti, akaeleza ndevu, akasema anaongea kama mtu wa hapa. Mchoro uliotoka unafanana na Sutcliffe. Polisi hawakuuunganisha na kesi, kwa sababu mtoto wa shule kijijini hakuingia kwenye hadithi waliyojiandikia, kwamba Ripper anawaua makahaba.

Kuna Marcella Claxton. Mei 1976, Leeds, mwanamke mweusi wa miaka 20, mjamzito. Alipigwa kichwani, akatambaa mwenyewe hadi kibanda cha simu kuita msaada, na akiwa ndani ya kibanda akaona gari lake mshambuliaji linapita likimtafuta. Mimba ilitoka. Alisema mtu mweupe, mwenye ndevu, nywele nyeusi. Polisi walimtilia shaka na wakamwacha nje ya orodha. Mchoro wake naye ulikuwa sahihi.

Hujakosa mpelelezi, Kalamu. Walikuwepo, wamefungwa bandeji kichwani, na hakuna aliyewauliza vizuri.

Na lugha ya polisi wenyewe msiisahau. Mwaka 1979 mkubwa mmoja alizungumza hadharani kwamba watu wengi wanawachukia makahaba, ila sasa Ripper anaua wasichana wasio na hatia. Kwa hiyo Wilma alikuwa na hatia ya nini? Mahakamani 1981 hata mwendesha mashtaka alisema sehemu ya kusikitisha zaidi ni kwamba baadhi ya waliouawa hawakuwa makahaba. Wanawake waliandamana nje ya mahakama kwa kauli hiyo. Kabla ya hapo, Novemba 1977, waliandamana Leeds usiku, kwa sababu walikuwa wanaambiwa wajifungie ndani huku muuaji akiwa mwanamume.

Bint Ngerengere

Dada Tausi 🙌🏾. Mimi nilikuwa najiuliza tu kwa nini nasikia baridi nikisoma.

Kalamu Butu

Dada Tausi, nimepigwa na nimekubali. Kwenye zile sura sita nilizotupa, mwanamke wa kwanza alikufa ukurasa wa pili na sikuwa nimempa hata jina. Alikuwa "maiti".

Shoka Bila Mpini

Sawa, tumepigwa wote. Alikamatwaje sasa? Usitukatie hapo.

Kalamu Butu

Kwa doria ya kawaida, tena ya polisi wa mkoa mwingine.

Januari 2, 1981, usiku, Sheffield, South Yorkshire. Sajini Robert Ring na askari mpya Robert Hydes wanaona gari aina ya Rover limeegeshwa gizani, ndani mwanamume na mwanamke, Olivia Reivers. Wanapiga redio kuuliza namba za gari. Jibu linarudi: namba hizo ni za Skoda. Za wizi. Bwana akataja jina la uongo, kisha akaomba aende haja ndogo kidogo pale pembeni. Wakamruhusu. Wakamkamata kwa namba za gari, siyo kwa mauaji.

Kesho yake akapelekwa Dewsbury, akawa anahojiwa. Usiku Ring anarudi kazini, anasikia yule bwana bado anashikiliwa na watu wa Ripper wameanza kumtazama. Akakumbuka ile haja ndogo. Akarudi palepale, nyuma ya tangi la mafuta, akamulika. Nyundo na kisu vimelala kwenye majani.

Januari 4 Sutcliffe akakiri. Mei 1981 mahakama ya Old Bailey ikamtia hatiani kwa mauaji yote 13 na majaribio saba ya kuua, vifungo 20 vya maisha. Alidai sauti ya Mungu ilimwamuru, kutoka kaburini, zamani alipokuwa mchimba makaburi Bingley. Baraza la raia wanaoamua kesi (jury) likakataa kwamba hilo linapunguza kosa liwe chini ya mauaji. Amekufa Novemba 2020, ana miaka 74.

Mlowezi wa Leeds

Niongeze: uchunguzi wa serikali wa Lawrence Byford uliandikwa 1981 ile ile, ukakaa kabatini hadi 2006 ndipo raia wakausoma kwa kirefu. Ulipigilia kwenye kadi na kwenye kaseti. Kutokana na aibu hiyo, katikati ya miaka ya 1980 polisi wa Uingereza walipata mfumo wa kompyuta wa kesi kubwa, unaoitwa HOLMES. Ndiyo, kama Sherlock Holmes wa riwaya, walichagua jina kwa makusudi.

Mzee wa Masjala

Ripoti kuhusu makabati nayo ikawekwa kabatini miaka 25. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaja kuangalia.

Kalamu, usimtafute mpelelezi. Andika karani. Mtu anayepokea karatasi za watu wote, hatoki nje, hana bunduki, na anaanza kuona jina moja linarudi kwa miandiko tofauti. Anampelekea bosi, bosi anamwambia kazi yako ni kupanga. Hiyo habari naijua hadi harufu yake.

Dada Tausi

Na mwanamke aliyenusurika aje dirishani kwake kila Jumatatu kuuliza kesi yake imefikia wapi.

Kalamu Butu

Jamani. Subirini kidogo, msiondoke.

(saa mbili baadaye)

Nimejaribu. Mji ni wa kubuni, watu wa kubuni. Msicheke:

*"Kadi ya kwanza ilifika Alhamisi, ina doa la chai. Bi Rehema aliisoma, akaiweka kwenye droo ya D, kwa Daudi. Ya pili ilikuja baada ya wiki tatu, wino wa bluu, gari lilelile. Alikuwa anaiingiza droo ya D alipoona dirishani yule dada wa Jumatatu ameshafika, kitambaa kimeteremka kidogo, kovu linaonekana. 'Leo pia hakuna?' Bi Rehema akabaki ameshika kadi mkononi, hajui aiweke wapi."*

Bint Ngerengere

Mkuu endelea, tafadhali. Mwili umesisimka.

Shoka Bila Mpini

Mimi nataka tu Daudi akamatwe mapema, sina moyo wa mara tisa.

Mzee wa Masjala

Nzuri. Lakini kadi hazipangwi kwa jina la kwanza, mwanangu, zinapangwa kwa jina la ukoo. Mpe huyo Daudi ukoo, na ukoo wenyewe uwe wa kuandikika kwa namna mbili. Halafu toa doa la chai. Karani wa kweli akimwagia kadi chai, anaiandika upya.